Mrejesho: jicho la mama lililokuwa likitoa machozi

Wakuu, niliuliza humu kuhusu jicho la kulia la mama: machozi muda wote, tongotongo za njano kila asubuhi, anapewa dawa ya matone, anapata nafuu kidogo, kisha hali inarudi palepale. Tumemwona daktari bingwa wa macho.

Mboni hakuhangaika nayo sana. Alivuta kope ya chini, akabonyeza karibu na pua kwa kijiti cha pamba. Kile kitundu cha kupitishia machozi kilikuwa kimevimba na kutokeza nje, kikatema usaha mzito wenye chenga za njano. Kumbe ni vijiwe ndani ya mfereji wa machozi! Mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye Actinomyces. Anajificha ndani ya vijiwe, ndiyo maana matone peke yake mara nyingi hayamalizi kazi.

Alichomwa ganzi, mfereji ukachanwa kidogo, vijiwe vikakwanguliwa. Vilitoka vingi, vidogo kama punje za ulezi. Karudi nyumbani siku hiyohiyo na matone ya antibaiotiki. Kisu hakukilalamikia, sindano ndiyo aliyoisimulia ukoo mzima.

Na wewe mkuu uliyenitisha na upasuaji wa kutoboa mfupa wa pua: huo upo kweli, ila hufanywa tatizo likiwa chini zaidi, kwenye kifuko cha machozi au njia inayotoka hapo kwenda puani. Mama hakuuhitaji.

Jicho limekauka. Sasa anadai miwani.