Meli inatia nanga Amu (Lamu) siku moja: Takwa, Pate, au tubaki mjini?

MpishiWaMelini

Asalaam aleykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mtaa wa Shella (ile yetu, si yenu), nafanya kazi jikoni kwenye meli ndogo ya watalii. Safari hii tunatoka Shelisheli kwenda Unguja, na njiani tutasimama Amu siku moja. Meli haifungi gati. Itatia nanga nje ya mlango wa Shela na watu watashushwa kwa viboti vyake mpaka gati ya mjini, abiria kwanza, sisi wafanyakazi baadaye. Tumepata ruhusa watu wanne: mimi, Wafilipino wawili wa ufuaji, na mama mmoja wa Indonesia anayepika mikate. Tunashuka saa tatu unusu asubuhi. Kiboti cha mwisho cha wafanyakazi ni saa tisa unusu.

Ziara inayouzwa melini sisi hatuiwezi bei, na isitoshe inazunguka mjini tu. Ubaya wa kutoka kivyako mnaujua: abiria wa ziara ya meli wakichelewa, meli inawangoja. Aliyejipangia mwenyewe akiachwa, nauli ya kuifuata meli mpaka bandari ya mbele ni juu yake. Na kwa sisi kuna barua ya onyo juu ya hiyo nauli.

Wenzangu wanadhani kwa vile natoka Malindi basi Amu ni uani kwetu. Mimi mwisho wangu ni Mokowe, gati ya bara. Wanataka kuona magofu, waoge baharini, na wale chakula cha watu, si cha hoteli. Mwenzetu mmoja kasema twende kisiwa cha Pate na mji wake wa Siyu, kwenye ramani ni karibu. Mwingine kasema Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda. Siku yenyewe itakuwa siku ya 11 ya mwezi mwandamo, ukiandama tunavyotarajia. Naitaja mapema kwa sababu najua hakuna mtu wa huko atakayenijibu bila kuniuliza.

Pate inaingia au haiingii? Na boti tunaipataje bila kuchunwa?

mtu_wa_mokowe

Pate haiingii. Bodaboda ya kutoka gati ya Mtangawanda hadi Siyu peke yake itamaliza muda mliopanga wa kula. Nendeni Shela muoge, mrudi.

NahodhaLangoni

Wa aleykum salaam, mwanangu. Umeutaja mwezi, nimeiweka kahawa chini nikujibu.

Huku safari haipangwi kwa ramani, hupangwa kwa maji, na maji hufuata mwezi. Pate kwenye simu unaiona hapo mkononi, lakini njia ya ndani inapita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, na maji yakitoka Mkanda hakipiti chombo. Njia ya nje ni bahari kuu, na msimu huu kaskazi, upepo wa kaskazini, inavuma. Boti ndogo itakwenda, ila abiria watashuka wameloa na wamenyamaza. Ukishafika Mtangawanda bado hujafika popote, kama alivyosema huyo wa Mokowe. Pate ni ya mgeni anayelala. Wewe una kiboti cha saa tisa unusu.

Takwa nayo ina maji yake. Hori la kuingilia, ule mkono mwembamba wa bahari, ukitokea upande wetu ni refu, mikoko huku na huku, na kina chake huisha ghafla. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hujaa huku mida ya saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo saa nne asubuhi mle ndani ni tope. Mgeni akija mwezi 15 na akataka Takwa asubuhi, labda umbebe mgongoni. Mwezi 11 umebahatika: yanajaa mida ya saa saba mchana. Si maji makubwa, kwa maana ndiyo kwanza tunatoka maji mafu, yale madogo, lakini boti ya faiba inaingia bila taabu kuanzia saa tano, na kutoka utoke saa nane. Wako watakaokwambia hata saa tisa. Usiwasikilize. Na usinisikilize mimi pia bila kutazama jedwali la maji la Kilindini la mwezi huo. Sisi na Mombasa tunapishana dakika chache tu.

Nakwambia hivi kwa sababu msimu uliopita kuna wageni walipwelewa mle, maji yakatoka wakabaki topeni. Si boti yangu, na mwenyewe simtaji. Yule kijana aliwapeleka mpaka ufuo wa nyuma, wa bahari kuu, wakakaa kupiga picha, hori likawa linatoka taratibu na yeye yuko huko anacheka nao. Nilipopita mdomoni jioni niliwaona. Mashine imeinuliwa juu, mmoja anasukuma kwa upondo na upondo unaingia topeni kama kijiko kwenye uji, mama wa kizungu kasimama ndani ya boti kashika viatu kifuani, na wale wawili waliojaribu kushuka wana tope la kijivu mpaka magotini. Kuwafuata nisingeweza, ningepwelewa nyuma yao. Nikawapigia kelele wakae, wajifunike, maana mbu wa mikoko jua likishuka hawana mchezo. Walitoka usiku, maji yaliporudi. Kwa mwenye chumba Shela hiyo ni hadithi ya kwenda kusimulia kwao. Wewe meli ingekuwa imeshang'oa nanga.

Takwa yenyewe inastahili. Watu walikaa pale karne ya 15 hadi ya 17, kisha wakahama, na watu wa Shela hujihesabu kuwa ndiko walikotoka. Huvuka kwenda kuzuru lile kaburi la mnara na kuomba mvua. Waonyeshe wenzako msikiti, una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, na waambie watazame milango ya nyumba inavyoelekea upande mmoja. Baadaye mibuyu. Inatosha saa moja na kitu. Kuoga wakaoge Shela, ule ufuo wa nyuma wa Takwa mawimbi yake si ya kuchezea.

Kuhusu boti. Bei sikutajii, maana inategemea mafuta ya siku hiyo na uso wako. Ila patana bei ya boti nzima, si ya kichwa, na iwe kwenda, kungoja na kurudi. Hilo la kungoja litamke waziwazi. Wako wanaowashusha watu Takwa kisha wanakimbilia abiria wa uwanja wa ndege pale Manda, na wewe unabaki kuhesabu mibuyu. Toa arubuni ya mafuta, baki alipwe mkirudi gatini. M-Pesa inapokewa, lakini tembea na noti ndogo. Magofu yako chini ya Makumbusho ya Taifa na yana kiingilio. Wewe uonyeshe kitambulisho, wenzako watalipa cha wageni.

Jambo moja la mwisho. Muulize afisa wenu saa ya meli ni ya wapi. Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja.

BintiSiyu

Shikamoo Ami. Sikubishii maji, nani atakubishia wewe maji. Ila na mimi niseme langu: kila mgeni mnampeleka Takwa kwenye nyumba zisizo na watu, na Siyu yenye watu mnaipita. Kwetu kuna ngome waliyoijenga wenyeji wenyewe, hatukujengewa na mtu, na kuna mafundi wa ngozi wanaoshona viatu mpaka leo. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na majeshi yake yote alipata taabu na Bwana Mataka, mtawala wetu, pale. Haya, mwezi 11 na saa sita hazitoshi, nakubali. Lakini kaka mpishi, siku ukipata likizo njoo ulale, usituletee tena habari za kiboti.

Kwa hiyo siku moja mliyo nayo: mkishuka, kabla ya boti, wapeleke makumbusho ya pale mbele ya bahari wakaione siwa, lile baragumu la pembe ya ndovu. Ni ya Pate ile. Hiyo ndiyo Pate yenu kwa safari hii.

Chakula msikiache mwisho. Wali wa nazi na samaki wa kupaka haviji kwa dakika kumi, na mkikaa kusubiri mtamaliza muda wenu hapo. Pitieni mgahawa wowote wa mtaa wa Langoni asubuhi mkishuka, kunyweni chai na mahamri kwa mbaazi, na hapohapo agizeni chakula cha kubeba: mkate wa mofa, samaki wa kukaanga, viazi vya karai, ndimu. Takwa hakuna duka, hakuna maji ya kunywa. Huyo mama wa mikate mwonyeshe mofa inavyookwa, nadhani atasahau magofu.

Na mavazi. Ufuoni Shela kila mtu anajua wageni wanaoga, lakini bukta na vifua wazi visipite Usita wa Mui, njia kuu ya mjini. Leso moja moja begani inatosha. Ikiwa siku yenyewe ni Ijumaa, kumbukeni mchana maduka yanafungwa na nahodha wenu atataka kuswali, mpange naye mapema.

MpishiWaMelini

Shukran sana Ami, na dada yangu wa Siyu. Nilikwenda kumuuliza afisa. Ami umeona mbali: saa za meli hazibadilishwi mpaka tufike Unguja. Yaani ratiba yote niliyowaandikia ni saa ya Shelisheli. Kiboti cha saa tisa unusu ni saa nane unusu yenu! Na kama ningetazama simu yangu, ambayo ikishika mtandao wa Kenya inajirekebisha yenyewe, tungekuwa bado Shela tunajipangusa mchanga.

Sasa Takwa inabaki au imekufa?

Si Ijumaa, ni Jumatano. Na mama wa mikate hajui kuogelea kabisa, anaogopa boti ndogo.

mtu_wa_mokowe

Ndiyo maana nikasema Shela, mrudi.

NahodhaLangoni

Haijafa. Muda ni uleule, umesogea nyuma tu: mnashuka saa mbili unusu ya Amu badala ya saa tatu unusu. Kilichobadilika ni kwamba maji hayakusogea pamoja nanyi.

Basi asubuhi ndiyo iwe ya mji. Mahamri ya huyo binti, siwa yake, kisha ngome ya Mkunguni iko hatua chache, ilimalizika 1821 na ilikuwa jela mpaka 1984. Nusu saa inaitosha. Boti mpatane nayo mapema mkishuka tu, siyo saa ya kuondoka, ili mwenyewe akatie mafuta. Saa tano kasorobo muwe mmekaa ndani. Mtaingia hori na maji yanapanda bado, jambo zuri: hata mkigusa tope, maji yenyewe yatawanyanyua. Takwa mpaka saa sita na robo. Hapo maji yanakaribia kujaa, mnatoka bila wasiwasi wowote. Kuleni mkiwa ndani ya boti. Saa saba kasoro mko Shela, wanaooga waoge, saa saba unusu mnapanda. Saa nane mko gatini na nusu saa ya akiba mkononi. Hiyo nusu saa msiiguse, hata mkiona kofia za kununua.

Saa zenu za mkononi ziacheni kwenye saa ya meli, nyote wanne, na simu zizimwe kujirekebisha. Nahodha mpeni saa ya Amu. Mseme zote mbili mbele yake, aitikie.

Wakati wa kupatana, usimwambie kiboti chenu ni saa ngapi hasa. Mwambie saa nane muwe gatini, basi. Ukimwambia nane unusu atakufikisha nane unusu.

Huyo mama msimlazimishe, lakini asikose pia. Baina ya Amu na Manda ni maji yaliyokingwa, hayana wimbi la nje, na mle horini ni kama bwawa. Akae katikati, si mbele, mbele ndiko kunakopiga maji. Jaketi avae toka gatini mpaka gatini, asiliweke chini ya makalio kama wanavyofanya wengi. Na kabla hujatoa arubuni, mwambie nahodha akuonyeshe jaketi: nne zenu, zake na za baharia wake. Zikiwa tatu na ahadi ya kuazima nyingine kwa jirani, tafuta boti ya pili. Pale gatini hazikosekani.

BintiSiyu

Ami, na sukari ya chai yao? Umewapangia mpaka pumzi.

Kaka, mofa huuzwa mapema. Mkifika Langoni anzeni na mkate, ndipo mkatafute boti.

MpishiWaMelini

Mkate, boti, siwa, ngome, kwa mfuatano huo. Nimeiandika nyuma ya karatasi ya zamu na wenzangu wamepiga picha. Dada wa Siyu, likizo yangu ni Agosti. Au kusi, upepo wa kusini, itakuwa kali?

NahodhaLangoni

Agosti kusi iko palepale. Njoo Oktoba au Novemba, wakati wa upepo wa matlai, bahari imelala. Huo ndio wakati wa Siyu.