Tupeane uzoefu: databesi haina arei, wewe ulikusanya vitu vya kundi moja aje?

mkulima_wa_data
Wasee habari za jioni. Nimepata kazi ya mteja hapa Industrial Area, anatumia databesi ya MySQL, anataka kila mnunuzi atoke kwa mstari mmoja na oda zake zote zikiwa pembeni. Mimi nimelelewa na Postgres, databesi ingine, huko unaandika array_agg na unapata arei yenyewe, yaani orodha ya vitu ndani ya thamani moja, unaihesabu, unaifungua, unachukua ya tatu ukitaka. Hapa hakuna aina ya arei kabisa. Nimeweka GROUP_CONCAT, ile ya kuunganisha thamani za kundi kuwa maandishi mamoja, imekubali, vitu vimetoka vimeungana kwa koma, lakini roho yangu haijatulia. Nyinyi mlifanyaje na ni wapi iliwauma?

nyanya_wa_seva
Iliniuma kwa koma yenyewe. Nilikuwa natengenezea dada mmoja wa mitumba mfumo wa stoki, bidhaa anaandika kwa mkono wake, sasa kuna moja ameiandika "suruali, jinzi, ya mtoto". Nikiunganisha kwa koma halafu nikate kwa koma, suruali moja inakuwa bidhaa tatu. Tangu hapo SEPARATOR yangu, kile kitenganishi cha vitu, ni alama ambayo hakuna binadamu anaiandika, natumia herufi namba 31 ya ASCII, 0x1F.

kijana_wa_kasarani
Mimi natumia | tu na sijawahi kusumbuka.

nyanya_wa_seva
Utasumbuka. Ngoja apatikane mtu wa kubandika jedwali la WhatsApp kwa hiyo fomu yako.

ticha_kompyuta
Hii mada imenigusa. Nilikuwa nafundisha shule fulani na nikawasaidia kutengeneza ripoti fomu. Nilifanya GROUP_CONCAT mbili, moja ya majina ya masomo, ingine ya alama, nikazipanga zote kwa ORDER BY moja (mpangilio mmoja) nikajua zitalingana. Kuna msichana hakufanya Kiswahili, alikuwa hospitali, alama yake ikabaki NULL, yaani hakuna thamani. GROUP_CONCAT inaruka NULL. Haikuachii nafasi, haikuwekei alama, inaruka tu kama haikuwahi kuwepo. Kwa hivyo majina ya masomo yalikuwa nane na alama saba, Hisabati ikasogea ikakaa kwa Kiswahili, Kemia ikakaa kwa Hisabati, hadi mwisho. Mtoto anapenda Hisabati kuliko kitu chochote, akapewa 41 ambayo ilikuwa ya Kemia, na mama yake akaja shuleni amebeba hiyo karatasi, ameikunja mara nne, akaniuliza mwalimu huyu mtoto wangu ameanza kuanguka lini. Hiyo karatasi bado naiona.

Dawa: IFNULL, inayobadilisha NULL kuwa kitu kingine, ndani ya GROUP_CONCAT, weka kistari pale pasipo na alama. Ama bora zaidi unganisha somo na alama yake pamoja kwanza, ndio ukusanye, zisitembee mbali na mwenzake.

dev_ngong_road
Haya yote ni kwa sababu watu hawataki kuhama. Postgres ina array_agg tangu 8.4, hiyo ni 2009. Hamieni.

baba_hosting
Wewe ndugu unalipiwa seva na nani? Wateja wangu wako kwa hosting ya pamoja, wanapewa MySQL na hawachagui. Ukimwambia mwenye kemisti wa Githurai ahame databesi atakuuliza kama dawa zitahama pia.

dev_ngong_road
Mimi nasema ukweli. Unaanza vibaya unalipa baadaye.

baba_hosting
Na mimi nasema swali lilikuwa ukikosa arei ufanye nini. Hakuuliza ahamie wapi.

mkulima_wa_data
Jameni turudi kwa mada.

stage_ya_rongai
Nilikuwa napita tu lakini mmenikumbusha kitu nimekaa nacho miaka na sijawahi kukiandika popote, mnivumilie ni ndefu.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya matatu, siitaji, magari yao ni ya Rongai. Abiria analipa kwa paybill, pale kwa akaunti anaandika namba ya gari. Usiku konda anarudisha karatasi yake, anasema leo M-Pesa ilikuwa watu kadhaa, pesa kadhaa, na mfumo unatoa yake, zinalinganishwa. Mfumo niliupata umeandikwa. Kweri, yaani swali linaloulizwa databesi, ilikuwa inachukua kila gari kwa siku, inakusanya namba zote za miamala kwa GROUP_CONCAT, halafu programu ya PHP inakata kwa koma, inaenda kwa databesi ya pili ya ofisi ya pesa inatafuta kila namba ilikuwa shilingi ngapi, inajumlisha. Ilifanya kazi vizuri miezi mingi kwa sababu watu wengi bado walikuwa wanalipa pesa taslimu.

Halafu watu wakaanza kulipa kwa simu kwa wingi. Na makonda wakaanza kuwa wezi. Hivyo ndivyo ofisi ilisema. Konda anaandika abiria 120 kwa mia mia, 12,000, mfumo unasema 9,300. Ofisi inasema hizo 2,700 umewaambia abiria watume kwa namba yako. Inakatwa kwa mshahara. Kesho yake tena. Na ubaya ni kwamba waliokatwa ni wale wa magari yanayofanya kazi sana, wale wanaotoka stage saa kumi na moja asubuhi. Gari lililolala gereji nusu siku hesabu yake ilikuwa safi.

Kulikuwa na mzee mmoja, konda, rika ya babangu mdogo, amefanya hiyo ruti tangu magari yakiwa na muziki wa kaseti. Alikatwa wiki mbili mfululizo halafu akaambiwa asirudi. Alikuja kwa meza yangu kabla ya kuondoka, hakupiga kelele, akaweka kidaftari chake pale, kimejaa vijistari vya kalamu, vitano vitano, kila abiria wa simu kijistari. Akasema kijana yangu, mimi nahesabu watu tangu hujazaliwa, siwezi kukosa ishirini na saba.

Nilikaa na hicho kidaftari usiku. Nikaangalia magari yote ya mwezi. Hakuna gari hata moja lililokuwa limepita miamala 93. Gari kumi na nane, mwezi mzima, wengine wanasimama 93 kamili siku baada ya siku. Nikatoa ile stringi yenyewe, yale maandishi yaliyounganishwa, nikaisoma hadi mwisho, na mwisho wake baada ya koma kulikuwa na herufi moja, peke yake, herufi ya kwanza ya muamala ambao haukuingia. Nikapima LENGTH, urefu wake. 1024. Gari lingine, 1024. Namba ya muamala ni herufi 10 na koma ni 11, mara 93 ni 1023, inabaki nafasi ya herufi moja. MySQL inakata hapo. group_concat_max_len, mpaka wa urefu wa GROUP_CONCAT, ikiwa haijaguswa ni 1024. Haitoi era, yaani haikatai kwa kosa. Inatoa onyo, namba 1260, inakuambia mstari fulani umekatwa, na ile PHP yetu haikuwa inasoma maonyo.

Nilipeleka kwa ofisi asubuhi. Walirudisha pesa za waliokuwa bado kazini. Yule mzee simu yake ilikuwa imezimwa.

mama_wawili
Aki. Nimesoma nikiwa kwa gari ya Thika Road nimeshindwa kuangalia konda usoni.

kijana_wa_kasarani
1024 pia iliwahi kunipata na SMS za chama. Namba za 254 ni tarakimu 12, na koma 13. Watu 78 walipata ujumbe, wa 79 namba yake ilitoka na tarakimu 10, waliobaki hawakujua kuna mkutano.

dev_ngong_road
@stage_ya_rongai pole sana. Lakini swali la kazi: kwa nini msifanye SUM, yaani kujumlisha, kwa kweri badala ya kukusanya namba zote? Hapo hauhitaji arei.

stage_ya_rongai
Nimesema pesa zilikuwa databesi ingine, seva ingine. Nilipoandika upya nilitoa mstari mmoja kwa kila muamala, nikajumlisha kwa programu. Mistari mingi haidhuru mtu.

baba_hosting
Basi si uongeze tu hiyo max_len na uendelee? SET SESSION (ya konekshoni hiyo pekee) mwanzo wa konekshoni, weka milioni.

nyanya_wa_seva
SESSION sawa. Watu wanaoweka SET GLOBAL, ya seva nzima, na kwenda nyumbani ndio nawaombea. Tulifanya hivyo kwa ofisi moja, stima ikapotea, seva ikawaka tena, thamani ikarudi 1024 na hakuna aliyejua hadi mwisho wa mwezi. Iandike kwa my.cnf, faili la mipangilio ya seva. Ama SET PERSIST kama uko MySQL 8.

ticha_kompyuta
MariaDB, databesi ndugu ya MySQL, waliipandisha hiyo max_len, kwao ni 1M tangu 10.2. Kwa hivyo unajaribu kwa laptopu yenye MariaDB inapita, unapeleka kwa MySQL inakata.

mtu_wa_hesabu_za_benki
Huku SQL Server, databesi ya Microsoft, nayo haina arei. Miaka yote tulikuwa tunaunganisha kwa STUFF na FOR XML PATH, na jina la biashara likiwa na & linatoka na & kwa barua ya mteja. STRING_AGG ilikuja 2017. Hiyo nayo ikipita baiti 8000 inakataa, lazima ubadilishe kolamu iwe nvarchar(max) kwanza. Lakini angalau inakataa kwa sauti.

mama_wawili
Databesi ya Oracle pia inapiga kelele, LISTAGG, GROUP_CONCAT yao, ikipita 4000 unapata ORA-01489. Nilikuwa naichukia hiyo era. Baada ya kusoma ya konda siichukii tena. Na kama kuna mtu bado ana WM_CONCAT, ile ya zamani ya Oracle, mahali, haikuwahi kuwa rasmi, toleo la 12c waliitoa.

dev_ngong_road
Kwa MySQL basi tumia JSON_ARRAYAGG, inakusanya vitu kuwa orodha ya JSON, iko tangu 5.7.22. Inabaki na NULL, koma ndani ya jina haina shida, na hiyo 1024 haiihusu.

ticha_kompyuta
Lakini mpangilio haikuahidi, na ORDER BY ndani haikubali. Kwa ripoti fomu hiyo ni shida.

dev_ngong_road
Panga kwa programu.

baba_hosting
Ama uongeze max_len.

nyanya_wa_seva
Ama utoe mistari, kama alivyosema wa Rongai. Na tafadhali mtu asihifadhi hizo koma ndani ya kolamu halafu aje kuzitafuta na FIND_IN_SET, indeksi (ile ya kuharakisha kutafuta) haisaidii hapo, jedwali likikua utalia. Tengeneza jedwali la katikati, mstari mmoja kwa kila kitu.

mkulima_wa_data
@stage_ya_rongai yule mzee ulimpata?

stage_ya_rongai
Nilimpata baada ya miezi mitatu, stage ya Kiserian, anapigia gari ya watu wengine debe. Nilimrudishia kidaftari. Alisoma ile karatasi ya hesabu niliyochapisha, mstari kwa mstari, akaniuliza hiyo 1024 ni ya nani. Nilishindwa kumjibu vizuri.

kijana_wa_kasarani
Nimefungua ya mteja wangu sasa hivi nikapima LENGTH ya ripoti ya jana. Mistari sita iko 1024 kamili. Ni mfumo wa karo. Nampigia bursa.

nyanya_wa_seva
Piga bakapu kwanza ndio umpigie.