Moshi mjini: risiti zinakaguliwa, nyama na maziwa hakuna anayeviangalia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitapunguza maneno.

Wiki hii wakaguzi wa afya walipita mtaani kwetu. Kwenye bucha wakaomba leseni, wakaomba risiti ya malipo, wakaangalia kama muuzaji ana koti jeupe na cheti cha kupimwa afya, wakamwandikia faini kwa sababu ukuta haujapakwa rangi. Paja la ng'ombe lilikuwa linaning'inia mbele ya macho yao, halina mhuri. Hakuna aliyeuliza limechinjwa wapi. Nilipouliza mimi nikajibiwa, "Mama, hiyo si kazi yetu leo." Ni kazi ya nani basi, na siku gani?

Mkaguzi wa nyama anatakiwa amwone mnyama angali hai, kisha amwone tena akishachunwa. Apasue tezi, mapafu, ini, moyo na misuli ya taya, atafute TB na vifuko vya minyoo ya tegu. Mhuri ndio ushahidi kwamba kazi hiyo imefanyika. Nyama iliyochinjwa usiku kichakani ikaletwa na bodaboda ndani ya kiroba haijapita hapo, na inaweza kuwa kibudu kabisa. Watu wa Hai na Rombo wanakijua kimeta. Mzoga wa kimeta haupaswi hata kupasuliwa, achilia mbali kupimwa kwenye mizani. Na sisi ndio watu wa kisusio, damu ya mbuzi tunainywa!

Maziwa ndiyo yametelekezwa zaidi. Asubuhi yanashuka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Mdomo wa dumu lile ni mwembamba, mkono hauingii, kwa hiyo ndani halisuguliki hata mwenye nalo akitaka. Anayejitahidi anachovya laktomita, inamwambia kama yametiwa maji, basi. Laktomita haioni brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu. Haioni TB. Haioni dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yanapaswa kumwagwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe, na mabaki ya dawa hayaondoki kwa kuchemsha. Mwenye ng'ombe wawili na ada ya shule inamsubiri atamwaga kwa hiari, wakati hajawahi kuona mtu akipima?

Msiniambie "chemsha tu". Nyumbani nachemsha, na ni kweli brusela na TB zinakufa. Mtindi wa vibandani je? Wengi wanagandisha maziwa mabichi, na watoto wanaununua wakitoka shule.

Mwaka 2007 na 2008 ulifanyika utafiti kwenye hospitali mbili hapahapa Moshi, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100. Miongoni mwa wengine walikutwa watu wenye magonjwa yanayotoka kwa mifugo, brusela ikiwemo. Fikirieni mama mjamzito anayemeza dawa ya malaria huku brusela inamtoa mimba.

Sheria zipo. Ya maziwa ni ya 2004, ya nyama ni ya 2006, kila moja na bodi yake. Usalama wa chakula ukahamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Ukienda kulalamika ndipo unaona uzuri wa mpangilio huo: wa afya anakutuma mifugo, wa mifugo anakutuma biashara, wa biashara anauliza kama una malalamiko ya maandishi. Lakini siku ya kukusanya pesa wote wanalijua bucha liko wapi.

Ninachotaka si kikubwa. Kila bucha libandike ukutani karatasi ya machinjio ya siku hiyo, tuisome kabla ya kununua. Maziwa yachukuliwe sampuli sokoni bila taarifa, Mbuyuni na kwingineko, na majibu yatangazwe. Faini ya rangi ya ukuta isubiri.

Kama kuna mtu humu anajua ofisi inayopokea sampuli ya maziwa kutoka kwa raia wa kawaida hapa Moshi, aitaje, na aseme inafunguliwa saa ngapi. Nitapeleka mwenyewe.