Naombeni ushauri: nipasuliwe kidole nikiwa macho, bila kufungwa mpira mkononi?

BatiNaNyundo: Wadau, habari zenu. Mimi hutengeneza masanduku Kamukunji. Wiki iliyopita bati lilinikata kidole cha pete, mkono wa kushoto. Kidonda ni kidogo, lakini kidole hakikunjiki tena. Daktari amesema kano, ile kamba ya ndani inayokunja kidole, imekatika na ataiunga Alhamisi. Kilichonitia wasiwasi: hakuna nusu kaputi, mkono haufungwi ule mpira wa kuzuia damu, na asubuhi ninywe chai kama kawaida. Ni ganzi tu iliyochanganywa na adrenalini. Jirani yangu anaapa kwamba adrenalini ikiingia kidoleni, kidole huoza. Sina mtaji mwingine ila hii mikono. Nikatae?

MshonajiWaEastleigh: Mimi nilifanyiwa hivyo mwaka jana, neva ilikuwa imebanwa kwenye kiwiko cha mkono, hapa karibu na kiganja. Sindano ya kwanza ni kama kuumwa na siafu, kisha unahisi kuvutwavutwa tu. Kabla ya saa sita nilikuwa kwenye matatu narudi nyumbani. Waliniambia nisitazame, nikatazama. Usitazame.

NesiWaThieta: Jirani hakutunga, hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo. Zamani, kabla ya 1950, kuna vidole vilivyooza kweli baada ya ganzi. Lakini dawa ya wakati huo ilikuwa prokaini, ambayo ikikaa sana huwa na asidi kali, na chupa hazikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lawama ikaiangukia adrenalini. Daktari Donald Lalonde wa Kanada ni mmoja wa waliosaidia kuifuta hofu hiyo. Siku hizi ganzi ni lignokaini.

Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana mpira hauhitajiki. Na huo mpira, kwa mtu aliye macho, ni mateso. Ukidungwa kisha ukaachwa umekaa karibu nusu saa, hujasahauliwa, wanasubiri dawa ishike. Kidole kitakuwa cheupe, usishtuke. Muulize daktari kama fentolamini iko karibu, hiyo ndiyo huzima kazi ya adrenalini.

Kwako wewe wa kano, kuwa macho ndio uzuri wenyewe. Akimaliza kushona atakwambia "kunja, nyoosha". Mshono ukiachia au ukikwama njiani ataona, arekebishe kabla hajafunga kidonda. Aliyelala nusu kaputi hawezi kuambiwa akunje kidole.

KijanaWaUmoja: Boss, mwambie daktari pia kama una shida ya moyo, au kama vidole vyako hupoteza rangi kukiwa na baridi. Si kila mtu anafaa.

BatiNaNyundo: Moyo uko sawa. Sigara ndiyo navuta. Na nyundo nitashika lini?

NesiWaThieta: Hiyo sigara itaje, na uiache kwanza, inabana hiyo hiyo mishipa. Nyundo hesabu kama wiki 12. Utavalishwa kigango cha kushikilia kidole na kupewa mazoezi na mtu wa fiziotherapia, ufanye yale uliyoonyeshwa tu. Kano zinazokatika tena, nyingi hukatika wiki za mwanzo, mara nyingi kwa sababu mtu amejiona amepona akabeba mtungi. Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha.

BatiNaNyundo: Wiki 12! Msimu wa masanduku ya bweni ndio huo umepita. Basi kijana wangu agonge, mimi nipake rangi kwa mkono wa kulia.

NesiWaThieta: Rangi sawa. Wa kushoto uuinue juu ya moyo, usining'inie.