Kigari aina ya Lotus Seven: nikiwekee 4A-GE ya Toyota, umeme wa Nissan Leaf, au nimechanganyikiwa?

AluminiamuTabata

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni madirisha na milango ya aluminiamu, Tabata Relini. Nina mashine ya kukunjia bati, nina mashine ya kuchomelea ya mig, na nina kona moja ya karakana ambayo mke wangu anaiita "pale kwenye upuuzi wako". Upuuzi wenyewe ni chesisi. Tangu Januari nachomelea fremu ya kigari cha watu wawili, hakina paa wala milango, kwa mfano wa Lotus Seven, ile aliyoitoa Colin Chapman Uingereza mwaka 1957. Kampuni ya Caterham ilichukua haki zake mwaka 1973 na inaitengeneza mpaka leo. Watu wanaiiga dunia nzima kwa sababu haihitaji bodi ya kupondwa na mashine kubwa. Ni mabomba ya mraba, bati bapa la aluminiamu, na faiba kidogo kwenye pua na madigadi. Nilipoiona mara ya kwanza nikasema, hii si ndiyo kazi ninayowafanyia watu wa Kinyerezi kila siku?

Tatizo ni injini. Mimi naitaka 4A-GE ya vali 20, ile ya kifuniko cheusi iliyokuja kwenye Corolla za AE111. Kiwandani ilitoka na farasi 165, cc 1600 tu, na ina koo nne za hewa, kila silinda na lake. Mpwa wangu anasoma umeme, yeye ananiambia mafuta yamepitwa na wakati, nitafute Leaf, lile gari la umeme, iliyogongwa nihamishe mota na betri. Kilowati 80, torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 280 kuanzia sifuri. Kila jioni ananipigia hesabu hizo na chai yangu anakunywa.

Swali la pili: nikichukua hiyo 4A-GE, nikichonga hedi kidogo ili kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) ipande, nitapata nini?

KijanaWaSegerea

Mkuu nunua Altezza upumzike. Ina farasi 210, ina AC, na mvua ikinyesha hutembei umevaa koti la bodaboda.

AluminiamuTabata

210 ni ile RS200 ya gia za mkono, na ina uzito wa kilo 1,300 na kitu. Gawanya. Kwangu farasi 165 wanavuta kilo 600 hivi. Altezza yako itaniona taa za nyuma tu, na sina hata uhakika kama nitaweka taa za nyuma. (Natania, trafiki msinifuate.)

MzeeSpana

Kijana wa aluminiamu, ngoja nikuambie mimi niliyekwisha kuungua. Nimeshika spana miaka 38, mingi nikiwa Gerezani. Mwaka 2014 nilimjengea mteja wa Mbezi Beach kigari kama hicho hicho, kwa 4A-GE ya vali 20, ya kifuniko cha fedha. Nilikosea mahali patatu, na ubishi wenu huo wa farasi haukuwa mojawapo.

La kwanza, distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi. Injini ile kwenye gari lake imekaa kwa upana. Ukiigeuza ikae kwa urefu, ile distribyuta iliyo nyuma ya hedi inakwenda kugonga ukuta wa miguuni. Mimi nilikata ukuta. Nilipomaliza, mguu wa kulia wa mteja ukawa unaiva kama muhogo. Leo ningeiondoa kabisa, niweke koili na kontroli boksi inayojua kuziwasha.

La pili ndilo lililonitia hasara. Sampo, lile beseni la oili chini ya injini. Nilipima chini ya gari nikapata sentimita 9, nikaona zinatosha, maana nilipima gari likiwa tupu. Siku ya majaribio tumekaa wawili, mimi kilo 80, mteja kilo 100 na ushee. Tulipofika tuta la pili nikasikia "kap", kama mtu amegonga sufuria kwa mwiko. Mteja akacheka. Nikaangalia geji ya oili, mshale unashuka polepole kama mtu anayekaa kitini. Nikamwambia zima, yeye akadhani namwambia zima redio. Mpaka tunasimama, biringi za krenki zimekwisha. Injini nzuri, imesafiri kutoka Japani, imefia kwenye tuta la Segerea.

Kwa hiyo sampo ikatwe, ifupishwe, kisha iongezwe mbawa pembeni ili oili ibaki kiasi kilekile. Ndani uweke vizuizi vya bati, maana ukikata kona kwa kasi oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Halafu chesisi iwe chini kuliko sampo, hata kwa sentimita moja. Tuta likitaka kugonga kitu, ligonge bomba.

La tatu, kutu. Mbezi ni chumvi tupu. Ribiti zinapita kwenye bati na kwenye bomba, hewa ya bahari inaingia kwa tundu la ribiti, bomba linaoza kutoka ndani wewe unang'arisha rangi ya nje. Na aluminiamu ikigusana na chuma palipo na chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Hili unalijua kuliko mimi.

Sasa niambie, bomba zako ni za unene gani? Usinitajie ulichoambiwa dukani. Pima.

AluminiamuTabata

Shikamoo mzee. Hiyo "kap" nimeisikia mpaka huku.

Ramani za wanaojenga nyumbani zinataka bomba la milimita 25 kwa 25, unene 1.6. Nilinunua "geji 16". Nimetoka kupima sasa hivi kwa venia: 1.2. Nimekata kipande kingine, 1.2. Cha tatu 1.15. Nimekaa chini kwenye sakafu.

MzeeSpana

Marahaba. Kaa, pumzika, kisha inuka uanze upya. Hiyo fremu uliyonayo usiitupe, ndiyo jigi yako ya kupimia. Ila mtu asiende nayo barabarani. Pale mkono wa sasipensheni unaposhika bomba ndipo panapochanika kwanza.

BetriMwenge

Shikamoo mzee Spana. Kaka wa Tabata, pole na bomba.

Mimi ni dada ninayefungua betri za bajaji za umeme hapa Mwenge, na Leaf nimefungua mbili. Mpwa wako hajakosea, ila hajawahi kubeba ile betri. Pakiti ya kilowati-saa 24 na kasha lake ni karibu kilo 290. Wewe ulitaka gari zima la 600. Atakuambia mvue kasha, mchukue moduli tupu, yaani vile vifurushi vya seli. Sawa, moduli ziko 48, kila moja kilo 3.8, kwa hiyo bado unabeba kilo 180 na zaidi kabla hujaweka mota, inveta (inayogeuza umeme wa betri uendeshe mota), chaja na nyaya. Atakuambia tena, basi tuweke nusu. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama: zile moduli zimefungwa kwa mfululizo mpaka zifike volti 360. Ukitoa nusu ya moduli umetoa nusu ya volti, na inveta ya Leaf haitakubali kufanya kazi kwa volti 180.

Wakubwa wenyewe wanahangaika na uzito huohuo. Tesla walipotoa Roadster mwaka 2008 walianzia kwenye Lotus Elise. Elise ilikuwa chini kidogo ya kilo 900, Roadster ikaishia kwenye 1,300. Caterham nao mwaka 2023 walionyesha Seven ya umeme ya majaribio yenye betri ya kilowati-saa 51, lengo lao isizidi kilo 700, lakini hizo seli zao zimezamishwa ndani ya kimiminika ili zipoe. Leaf haina hata feni ya betri. Inategemea upepo na huruma ya Mungu, na Dar Februari unaijua. Kwenye dashi kuna vipande 12 vya afya ya betri. Ukionyeshwa gari lenye vipande vinane, hiyo siyo betri ya 24 tena, muuzaji aapie msahafu au biblia.

Sikukatazi. Gari litakuja kwenye kilo 750 au 800, bado litakuwa jepesi kuliko kila kitu kilichopo foleni ya Mwenge, na torki inakuja palepale unapokanyaga. Sampo hakuna, kwa hiyo tuta la mzee halikuhusu, ingawa betri nayo usiipitishe chini ya bomba. Kujaza ni yuniti 24 za LUKU na kidogo cha kupotea njiani. Lakini litakuwa gari jingine. Kile kigari unachokiota, cha kutupa mkia kwenye kona, raha yake inatokana na kutokuwa na kitu ndani.

Na tafadhali, mpwa asifungue peke yake. Volti 360 za mkondo wa moja kwa moja (DC) zikikushika hazikuachii. Kuna plagi ya rangi ya chungwa katikati ya pakiti. Ichomoe, iweke mfukoni mwako na siyo mezani, subiri dakika 10 ili kapasita zitoe chaji, vaa glavu za umeme, ndipo ushike spana. Betri yenyewe ndani inabaki na volti zake hata plagi ikitoka.

KijanaWaSegerea

Kwa hiyo Altezza.

AluminiamuTabata

Asante sana dada. Nimemsomea mpwa, amenyamaza kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mzee, nimerudi kwako: lile swali la kuchonga hedi?

MzeeSpana

Usichonge. Ile ya kifuniko cheusi ilitoka kiwandani na kompresheni ya 11 kwa 1. Ukiongeza juu ya hapo, kwa joto hili, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, utasikia kama karanga zinakaangwa, na pistoni zinatoboka. Wengi wanaochonga hedi hapa mjini hawajapima hata kompresheni iliyopo. Unakuta silinda ya tatu ringi zimechoka, mtu anachonga zote nne. Pima kwanza, rekebisha vali, hakikisha rejeta inapata upepo kupitia ile pua ndogo, na hewa inayoingia kwenye injini ivutwe kutoka nje ya gari, isiwe ileile iliyopita kwenye rejeta. Hiyo ndiyo tyuning ya Dar. Baada ya hapo mtu mwenye kompyuta akupangie mafuta na moto kwenye kontroli boksi.

Lakini nina neno. Mnataja Caterham kila mtu, hakuna aliyesema kwamba mwaka 2013 walitoa Seven 160 yenye injini ya Suzuki. Cc 660, silinda tatu, turbo, farasi 80, na difu ya nyuma ni ya Suzuki pia, ya ekseli nzima. Gari zima kilo 490. Injini hiyo ni K6A. Nenda Shauri Moyo ukaulize K6A uone utakavyochekwa, watakuuliza wewe una Kirikuu ya kubebea nyanya? Ndiyo hiyo hiyo, ila ya Kirikuu haina turbo. Yenye turbo iko kwenye Jimny ya JB23, imekaa kwa urefu tayari, hugeuzi kitu, hukati ukuta, na transfa yake (inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma) iko mbali na giaboksi, unaiacha dukani. Kiwandani Japani ina farasi 64 kwa sababu vigari vidogo vya kule vina makubaliano ya kutovuka hapo. Caterham waliifikisha 80 bila miujiza.

Ubaya wake ni difu. Imetengenezwa kwa mlima na mzigo. Ukifika kilomita 100 kwa saa injini itakuwa inalia kama cherehani. Wewe utakwenda 100 wapi, Tabata?

WakalaBandarini

Nachomeka moja tu. Gari la kuchukulia injini linunue likiwa na kadi, likiwa na namba ya chesisi inayosomeka, na utunze kila risiti. Kisha nenda ukaulize usajili wa gari la kujengwa kabla hujapaka rangi. Nimeona mtu kamaliza boti nzuri sana bila kuuliza usajili, mpaka leo iko uani inalaliwa na kuku.

AluminiamuTabata

Nimelipokea hilo, Jumatatu nakwenda kuuliza.

Mzee, jana nimepita Shauri Moyo. Nilichekwa kama ulivyosema. Ya Jimny yenye turbo ipo moja, jamaa ananiambia "haina tatizo lolote" huku amesimama mbele ya kipande kilichovuja oili. Nitakwenda na geji ya kompresheni. Na bomba nimepata, 1.6 kweli, nilipima kumi na mbili mbele ya muuzaji, akaanza kunisaidia kupima.

Sasa nataka kupima uzito wa kila kitu kabla hakijaingia kwenye gari. Nani ana ile mizani ya kupimia magunia, ya kuning'iniza?

MzeeSpana

Ninayo, inafika kilo 150. Njoo Jumamosi asubuhi, ila usiniletee injini ikiwa na oili ndani.