Naomba ushauri kuhusu namba 4294967297

Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye namba hii siku kadhaa, naombeni mnisaidie.

Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Ni witiri. Mwanahisabati Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, mpaka mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake Euler alipoonyesha kuwa inagawanyika: 641 × 6700417. Nimezidisha kwa mkono, jibu ni lilelile. Vigawanyo vyake ni vinne tu, kwa hiyo ni namba pungufu (jumla ya vigawanyo vyake, ukiiacha yenyewe, ni ndogo kuliko yenyewe), na hapo sina shida.

Shida yangu ni 6700417. Kuthibitisha kuwa ni tasa nilianza kujaribu namba tasa zote hadi 2588 (karibu na kipeo cha pili cha mzizi wake, yaani mzizi wa mraba wa 6700417), kazi ya kuchosha kweli. Kisha nikasoma kwamba kila kigawanyo tasa cha namba ile kubwa lazima kiwe kizidishe cha 128 kuongeza 1. Hapo zikabaki tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Nimezigawanya zote, kila moja imeacha baki. Nilifurahi sana!

Ila sielewi hiyo 128 inatoka wapi. Kwamba lazima kiwe kizidishe cha 64 kuongeza 1, hoja nimeweza kuifuata; kupanda hadi 128 ndipo napotea. Kuna mwenye maelezo mepesi?

Pia 641 ni 5 × 128 + 1, na vilevile ni 625 + 16. Naona ndiyo siri ya kugawanyika kwake bila kikokotoo. Je, njia hii inasaidia kwa 2 kwa kipeo cha 64, kuongeza 1?