Bosi katupa likizo bila malipo: serikali inafidia asilimia ngapi ya mshahara?

Kijana wa Ipogolo: Wakuu, kamwene. Nipo hotelini hapa Iringa mjini, mwaka wa nne sasa. Masika hii wageni wa Ruaha wamekauka, tumeambiwa tukae nyumbani bila mshahara mpaka biashara ichangamke. Nasikia serikali inawafidia watu wa hivi kwa asilimia. Mshahara wangu wa msingi ni 390,000. Nitapata ngapi? Kodi ya nyumba inaisha na watoto wanadaiwa ada.

Shangazi Mafinga: Pole mwanangu. Hiyo ilikuwa Uingereza enzi za korona. Serikali yao ililipa asilimia 80 ya mshahara, ukomo pauni 2,500 kwa mwezi, ikafungwa Septemba 2021. Shemeji yangu alikuwa huko, alirudi kanenepa hatukumtambua!

Mpenda Haki: Kwetu lipo fao la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, la kukosa ajira, ila ni la aliyeachishwa, siyo aliye likizo. Uwe umechangia angalau miezi 18. Unalipwa 33.3% ya mshahara kwa miezi 6, kwako kama 130,000 kila mwezi. Aliyeacha kazi mwenyewe hapati. Kuna karatasi umesaini?

Kijana wa Ipogolo: Zipo za kawaida tu.

Mpenda Haki: Zimeandikwaje?

Kijana wa Ipogolo: “Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu.” Nimesaini ila sijairudisha, wanaitaka Jumatatu. Meneja kasema atakayewahisha atalipwa mwezi huu na ataitwa wa kwanza wageni wakirudi. Msinilaumu, nina familia. Nimeshatoa advansi ya nyanya Ilula, nataka kupeleka Dar.

Lori la Kitonga: Nyanya! Mimi lori lilikwama Kitonga usiku kucha, jua lilipochomoza maji yanachuruzika matengani. Tafuta vitunguu, ndugu yangu.

Mzee wa Kihesa: Vijana mnasaini msichokisoma. Sisi barua tulikuwa tunampelekea kwanza mwalimu atusomee.

Kinyonga: Wakuu, hii chai. Akaunti ya jana, kwanza likizo, mara kuacha kazi, mara nyanya. Meneja gani anakuachia barua kama hiyo ukalale nayo?

Kijana wa Ipogolo: Wenzangu wawili walirudisha palepale Ijumaa jioni. Mimi nilisema lazima mke wangu aione. Kama ni chai, usinywe.

Mpenda Haki: Iwe chai au isiwe, wapo wanaosoma kimya wenye barua kama hii. Usiirudishe. Kazi ikipungua, mwajiri anatakiwa kukupunguza kwa utaratibu: notisi siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Gawa 390,000 kwa 4.333, wiki moja ni kama 90,000. Miaka yako mitatu kamili ni 270,000. Juu yake weka fao, ambalo peke yake ni 780,000 kwa miezi 6. Saini moja inafuta vyote hivyo. Wale wawili kama walilazimishwa waende CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.

Kinyonga: Hesabu nimeielewa. Ila picha ya barua iko wapi?

Kijana wa Ipogolo: Ina jina langu, siiweki. Mpenda Haki, meneja akikataa kuandika kwamba amenipunguza, nifanyeje? Mwenye shamba Ilula naye anapiga simu.

Mpenda Haki: Jumatatu ripoti kazini kama kawaida, omba agizo la likizo kwa maandishi. Akikufukuza getini, siku 30 zako zinaanza hapo.